KHABARI ZA VIGINGI VYA NJIA PANDA



Tokea vigingi vilipochomekwa pale njia panda, hapana siku inayopita bila ya mwanachama kufika ofisini kutuuliza. Mmoja ameambiwa kuwa mikarafuu yote mpaka juu kilimani itakatwa. Mwengine amesikia kwamba yatajengwa madaraja ya juu kwa juu kama yale ya Ubungo, Dar es Salaam. Wa tatu, naye ni mtu mzima tunayemheshimu, alitushauri tuving'oe vigingi vyote usiku mmoja na mambo yatakwisha hapo hapo. Kwa kuwa maneno yamekuwa mengi na kila mtu ana yake, tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza katika kurasa hizi yale tuliyoyaona katika ramani, yale tuliyoyapima kwa kamba yetu wenyewe, na yale tunayotaka yaulizwe katika mkutano kwa Sheha.

Tuanze na hayo ya uvumi. Barabara za Ubungo, zilizofunguliwa Februari 2021, ni za ngazi tatu, na zilijengwa kwa sababu ya msongamano wa magari wa mji mkubwa. Hapa petu gari zinazokutana njia panda kwa saa moja mtu huweza kuzihesabu akiwa amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Hayo ya madaraja basi tuyaache. Ama vigingi, tafadhalini visiguswe. Vijana wamekwisha ving'oa vitatu upande wa msikiti, na matokeo yake ni kuwa sasa hatujui mpaka utapita wapi upande ule, na mwenye shamba la pale ndiye anayepata taabu zaidi kuliko wote, kwani hana la kuonyesha. Kung'oa kigingi hakuzuii barabara. Kunatuzuia sisi tu kujua.

Lazima pia tuseme wazi kwamba Halmashauri yetu haipingi matengenezo. Njia panda ile ni mbaya. Njia inayoteremka kutoka mashambani na ile inayopanda kutoka pwani zinakutana mahali pamoja na barabara kuu, tena penye kona, na mikarafuu imefunga pande zote. Sote tunakumbuka msimu uliopita gari ya ng'ombe iliyobeba magunia ya karafuu ilivyogongwa ikivuka. Ng'ombe mmoja alikufa pale pale, na mwenye gari akavunjika mguu, na mpaka leo anatembea kwa fimbo. Dereva aliapa kuwa hakuiona, na tuliposimama alipokuwapo tuliona kuwa alisema kweli: hapaonekani. Watoto wa skuli wanavuka hapo asubuhi na adhuhuri, na wa chuo wanavuka tena baada ya laasiri. Kwa hivyo anayesema "waache kama palivyo" ajiulize kwanza kama mwanawe anavuka hapo.

Shauri lililotolewa ni hili. Barabara kuu itapanuliwa kwa urefu wa mita 300, ili pawe na njia ya tatu katikati kwa gari zinazongojea kupinda kulia. Pembe za njia ndogo zitakatwa ziwe za mviringo mkubwa ili malori yapinde bila ya taabu. Ardhi itajazwa upande wa bondeni ili barabara iwe sawa. Na kila kitu kinachozuia macho kitaondolewa. Maneno haya ya mwisho, "kila kitu kinachozuia macho", ni machache katika karatasi, lakini katika shamba ni mikarafuu.

Sasa tueleze kwa nini muhandisi anayataka hayo, maana hayataki kwa uadui.

Mwanachama achukue kijiti achore mchangani njia mbili zinazokatana kama msalaba, kisha achore kila mwendo ambao gari inaweza kuufuata: moja kwa moja, kupinda kushoto, kupinda kulia, kutoka kila upande. Halafu ahesabu mahali ambapo mistari hiyo inagusana, ama kwa kukatana, ama kwa kuungana, ama kwa kuachana. Akihesabu vizuri atapata mahali 32. Kila pamoja ni mahali ambapo gari mbili zinaweza kugongana. Achore tena njia panda ya miguu mitatu, ile ambayo njia ndogo inaingia barabara kuu na kuishia hapo. Atapata 9 tu. Na akichora mzunguko, ambao madereva wanauita kipilefti, wenye miguu minne, atapata 8. Hesabu hii si siri ya wahandisi, na sisi tuliifanya ofisini na vijana wawili wa skuli, nao walituwahi kuimaliza.

Jambo la pili ni macho. Dereva, au mpanda baiskeli, au mwenye gari ya ng'ombe, akisimama katika mdomo wa njia ndogo anahitaji kiasi cha sekunde 7 ili aingie au avuke barabara kuu kwa salama, na ng'ombe wanataka zaidi. Kwa hivyo lazima aione gari inayokuja ikiwa bado mbali kwa sekunde 7. Umbali huo ni mita ngapi? Inategemea gari inakuja kwa mwendo gani. Gari ya kilomita 80 kwa saa inakwenda mita 22 katika kila sekunde, basi katika sekunde 7 inafika kiasi cha mita 155. Gari ya kilomita 50 kwa saa inakwenda kiasi cha mita 14 kwa sekunde, na katika sekunde 7 hata mita 100 haifiki. Ya kilomita 40 inakwenda kiasi cha mita 78.

Kutoka jicho la yule aliyesimama mpaka mahali gari ilipo hupigwa mstari, na baina ya mstari huo na barabara hupatikana pembetatu nyembamba na ndefu. Ndani ya pembetatu hiyo hakutakiwi kitu kinachozidi kimo cha kiuno cha mtu. Mnazi mmoja unaweza kusamehewa, kwani ni shina tu na makuti yako juu. Mkarafuu hausameheki, kwa kuwa mkarafuu uliotunzwa vizuri matawi yake yanashuka mpaka karibu na chini, na majani yake hayapukutiki kwa msimu. Ni kama ukuta wa kijani. Sifa ile ile inayompendeza mchumaji anayeanza kuchuma akiwa amesimama chini ndiyo inayomchukiza muhandisi.

Hapa ndipo tunapotaka kila mwanachama atusikilize, kwa sababu tuliyoyasikia katika mabaraza yote ni watu kuuliza, "Itakatwa mingapi?" Suala la kwanza si hilo. Suala la kwanza ni: Njia panda hii imechorwa kwa mwendo gani wa gari? Kwani mwendo ndio unaotoa urefu wa pembetatu, na pembetatu ndiyo inayotoa idadi ya mikarafuu.

Sisi hatukutaka kusema hayo kwa kukisia. Jumamosi iliyopita watu watano wa Halmashauri tulikwenda na kamba iliyopimwa, na vitambaa vyeupe vya kufunga mitini, tukasimama katika midomo ya njia zote mbili ndogo tukapima pande zote. Ramani tuliyoonyeshwa imeandikwa kilomita 80. Kwa mwendo huo tulihesabu mikarafuu 43 inayozaa itakayoingia ndani ya mistari. Tukapima tena kwa kilomita 50, ikawa 24. Kwa kilomita 40, ikawa 17. Hesabu yetu yaweza kukosea kwa mti mmoja au miwili, kwa kuwa penye kona kamba haikai vizuri na mmoja wetu alitumbukia katika mtaro, lakini haiwezi kukosea kwa miti 26. Miti 26 hiyo ndiyo tofauti baina ya gari kupita pale mbio na gari kupita pale pole pole.

Na anayepita pole pole anapoteza nini? Mita 300 kwa mwendo wa kilomita 80 ni sekunde 13 na nusu. Kwa kilomita 40 ni sekunde 27. Hasara ya msafiri ni sekunde zisizofika 14. Mkarafuu unaopandwa leo unangojewa miaka sita mpaka minane ndipo utoe maua ya kwanza, na unafika nguvu yake kamili baada ya miaka mingi zaidi. Baadhi ya ile tuliyoifunga vitambaa ilipandwa na mababu wa wenye mashamba.

Wala si mikarafuu peke yake. Mwendo huo huo ndio unaomhusu mtoto anayevuka. Sasa lami ya barabara kuu ina upana wa mita 6 na nusu. Ikiongezwa njia ya katikati itakuwa mita 10. Mtoto mdogo anatembea kiasi cha mita moja kwa sekunde, hivyo atakuwa barabarani kwa sekunde tatu na nusu zaidi ya sasa, na katika sekunde hizo gari ya kilomita 80 imekwisha kwenda mita 77. Kusimama nako ni hivyo hivyo. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinahesabu kuwa gari ya kilomita 80 kwa saa, juu ya lami kavu, inahitaji mita 53 tokea dereva kuona hatari mpaka kusimama, na ile ya kilomita 48 inahitaji 23 tu, na mvua ikinyesha mahesabu hayo yaongezwe kama mara mbili. Tena nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Na zile pembe kubwa za mviringo, zilizochorwa kwa ajili ya malori, zitamfanya kila dereva wa gari ndogo apinde bila ya kupunguza mwendo. Yaani shauri hili litatuonyesha gari mapema zaidi, halafu litazifanya zije kwa kasi zaidi. Kwa maoni yetu hilo ni kupata kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwengine.

Zipo njia nyengine, nasi tutaziweka mbele ya mkutano.

Ya kwanza ni kuihamisha njia ya pwani isikutane tena na ile ya mashambani, bali iingie barabara kuu mita 40 au 50 mbali nayo. Hapo njia panda moja ya miguu minne inakuwa mbili za miguu mitatu, na mahali pa kugongana panashuka kutoka 32 mpaka 18. Njia ya kale ya miguu iko upande ule tayari, na inapita katika magugu zaidi kuliko katika mikarafuu. Lakini sharti ihamishwe upande unaofaa. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, inapendelewa kwamba anayevuka apinde kwanza kulia kuingia barabara kuu, kisha kushoto kutoka, ili asisimame katikati ya barabara akingojea gari zipite. Tulipotazama, njia ya kale ya miguu iko upande huo huo unaotakiwa.

Ya pili ni kipilefti kidogo. Kila anayeingia humpisha aliye ndani ya mzunguko, anayetoka kuliani kwake, na hapana anayeweza kupita moja kwa moja kwa kasi hata akitaka. Dasturi hiyo ya kumpisha aliye ndani iliwekwa kuwa sheria Uingereza mwaka 1966, na kabla yake mizunguko ilikuwa ikijifunga, kila mtu yumo na hapana atokaye. Kwa kuwa gari zinakuja pole pole, pembetatu za macho zinakuwa fupi, na mikarafuu iliyo mbali inasalimika. Ubaya wake ni kwamba mzunguko wenyewe unataka nafasi, kiasi cha mita 28 mpaka 36 kutoka ukingo mpaka ukingo, na nafasi hiyo itatoka pale pale pembeni, penye duka na penye uwanja wa kuanikia. Tusidanganyane kuwa ni njia isiyo na gharama.

Ya tatu ni matuta, alama, na kivuko kilichoinuliwa mbele ya skuli. Ni rahisi kuliko zote na haichukui ardhi ya mtu. Madereva wa gari za abiria hawayapendi matuta, na wamekwisha tuambia. Tumewajibu kuwa tunawaelewa.

Tukiulizwa maoni yetu, Halmashauri inaelekea kwenye kuhamisha njia ya pwani pamoja na matuta, kwa mwendo wa kilomita 40. Lakini hilo ni la wanachama kuamua.

Tumegusia uwanja wa kuanikia, na hapa pana uchungu kidogo. Wanachama wenye mashamba makubwa wana sakafu zao. Mwenye mikarafuu kumi au kumi na tano hana sakafu, na mashamba yetu ni ya kilima na kivuli, wala jua halifiki chini ya miti. Mahali penye jua la kutwa nzima ni pale pembeni mwa njia panda, kwa hivyo ndipo majamvi yanapotandikwa tokea zamani. Karafuu mbichi kiasi cha kilo tatu hutoa kilo moja kavu, na zinataka siku nne au tano za jua zuri. Zikikosa pa kutandazwa zikarundikwa zikiwa mbichi, hupata joto, hufifia rangi, na mwenyewe akifika kituoni huambiwa daraja la chini. Katika ramani uwanja ule umepakwa rangi ya barabara, na hapana mahali palipoandikwa wanaoanika waende wapi. Tumeuliza, tukajibiwa kuwa uwanja si mali ya mtu. Ni kweli, si mali ya mtu mmoja. Ni riziki ya watu wengi, na tunataka sakafu ya saruji itengenezwe mahali pengine penye jua, tena kabla ya kazi kuanza, si baada yake, na kazi yenyewe isianzwe katika msimu wa uchumaji, kwani vumbi la kifusi likitua juu ya karafuu mbichi halitoki.

Lakini nasi tujisahihishe. Wapo wanachama ambao majamvi yao yamepanda juu ya lami yenyewe, na wengine hata jamvi hawatumii. Karafuu zinazoanikwa juu ya lami zinapata mafuta ya magari, mchanga na kinyesi cha mbuzi, na tena zinamlazimisha mpita njia aingie katikati ya barabara. Hatuwezi kwenda mkutanoni kulalamika juu ya hatari ya barabara hali nusu yake tumeifanya jamvi. Wanaohusika wanajijua.

Ama maji, wengi hawayataji, nasi tunayaogopa kuliko yote. Barabara pamoja na mabega yake itazidi upana kwa kiasi cha mita 6, kwa urefu wa mita 300. Hizo ni mita za mraba 1,800 za ardhi ambayo leo inakunywa mvua na kesho haitakunywa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi siku ya masika ya milimita 50, jambo ambalo si la ajabu katika kisiwa chetu, lami hiyo mpya peke yake itamwaga lita 90,000, yaani mapipa 450. Leo maji ya kilima yanavuka yakiwa yametawanyika. Barabara ikishainuliwa yatakusanywa yote na kupitishwa katika kalvati moja, nayo imechorwa inamwaga katika mikarafuu iliyo upande wa chini, kisha katika bonde la mpunga. Mkarafuu unapenda mvua lakini haupendi kusimama majini. Mizizi yake ikizama kwa muda inaoza, na mti unakauka kutoka juu. Hautakatwa na shoka, kwa hivyo hautaandikwa katika orodha ya fidia, lakini utakufa. Vile vile mti uliozikwa shina kwa kifusi, au uliokatwa mizizi upande mmoja na mtaro, unaweza kusimama mwaka au miwili ukiwa na majani, kisha ukafa wakandarasi wamekwisha ondoka. Tunataka maji yagawiwe katika kalvati mbili au tatu, zitiwe mawe mdomoni ili yasichimbe, na miti iliyo karibu na kazi iandikwe tokea sasa na itazamwe tena baada ya misimu miwili.

Hii inatuleta katika fidia, na tunawaomba msome sehemu hii pole pole.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 24, inasema kuwa mtu hanyang'anywi mali yake bila ya idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahiki. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na sote tunaitumia kwa haki ya matumizi tu, lakini mikarafuu, nyumba na mazao yaliyo juu yake yana wenyewe. Kwa sisi watu wa visiwani jambo hili si geni: tunajua kuwa shamba laweza kuwa la mtu na miti ikawa ya mwengine. Shida huanza pale mwandikaji anapokuja na daftari lake akauliza, "Huu wa nani?"

Kati ya ile 43, tulipouliza, tulipata majibu ya kila namna. Mengine ni mashamba ya eka tatu tatu, yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na waliopewa wamekwisha fariki na karatasi haionekani. Mitano imo katika shamba la Serikali linalokodishwa kila msimu, na mkodishwaji wa msimu huu anadhani atalipwa yeye. Hatalipwa kwa miti. Akidai, adai mazao ya msimu aliyoyalipia. Mmoja unasemekana ni wakfu wa msikiti, na huo hapana mtu wa kuutilia sahihi kwa ahadi ya mdomo, sharti Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ielezwe. Na mingi, mingi sana, ni ya marehemu ambaye mirathi yake haijagawiwa. Humo mna ndugu wa kiume na wa kike, mjane, wajukuu, na mwengine yuko Unguja au Muscat. Aliyeko shambani ndiye anayetia sahihi na kupokea, na ugomvi unaanza siku hiyo hiyo. Mafungu ya mirathi yanajulikana, hayakutungwa na Chama. Tunalowaomba ni kwamba warithi wakutane sasa, waandike majina yao wote, wanawake wasiachwe, na wamteue mmoja kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. Ofisi ya Chama itasaidia kuandika bila ya malipo.

Katika daftari msikubali paandikwe "miti 3" basi. Kila mkarafuu uandikwe peke yake: unazaa au hauzai, una umri gani kwa ukubwa wa shina, na afya yake. Mwenye simu aupige picha akiwa amesimama ubavuni mwake, ili kimo kionekane, na kigingi kilicho karibu kionekane pia. Mche wa badala si fidia ya mkarafuu unaozaa. Ni fidia ya mche. Na mkarafuu haukatwi bila ya kibali, hilo kila mmoja wetu analijua shambani mwake, basi na mkandarasi atuonyeshe chake kabla ya shoka kuinuliwa.

Hapo hapo tunasikitika kusema kuwa ndani ya vigingi, upande wa juu, imeonekana miche kiasi cha thelathini ambayo wiki mbili zilizopita haikuwapo, mengine ikiwa bado na mifuko yake mizizini. Mwandikaji si mtoto mdogo. Akiona hivyo ataitilia shaka orodha yote, na mjane mwenye mikarafuu yake minne ya haki atacheleweshwa kwa ajili ya mjanja mmoja. Aliyeipanda aiondoe kabla ya mkutano, nasi hatutauliza ni nani.

Mkutano utakuwa uwanja wa skuli, Jumapili ijayo saa 3 asubuhi. Tumeomba ramani iletwe itundikwe ukutani ili kila mtu aitazame, pamoja na mtu anayeweza kuisoma. Wanawake tunawaomba wafike kwa wingi, kwani wao ndio wengi wa wanaochambua na kuanika pale uwanjani, na katika mkutano uliopita hapana aliyewauliza kitu. Kila mwenye mti uliofungwa kitambaa cheupe aje na karatasi yoyote aliyonayo ya shamba, hata ikiwa imeliwa na mchwa nusu. Vitambaa vyenyewe msivifungue mpaka mkutano umalizike.

Katibu wa Chama